Hadhira Isiyokuwepo

Mtaalamu anayetibu woga wa buibui ana unafuu wake. Buibui hutiwa ndani ya kopo, kopo likafungwa na kuwekwa kabatini mpaka mgonjwa atakapofika. Anayetibu woga wa kupanda juu atatafuta jengo lenye ngazi. Lakini mtu anayeogopa kusimama mbele ya watu 100, hao 100 watatoka wapi? Na wakipatikana, nani atawabembeleza waje tena Jumatano ijayo saa ile ile, wakae robo saa, wengine wapige miayo wakiagizwa kupiga miayo, kisha warudi makwao bila kumsimulia mtu walichokiona? Kwa miongo mingi swali hilo liliwakwamisha waliotaka kutibu woga wa kuhutubia. Jibu lilikuja kutoka kwa mafundi wa kompyuta, watu ambao hawakuwa wakiwafikiria wagonjwa hata kidogo.

Masimulizi ya kale ya Wagiriki yanasema Demosthenes wa Athens alichekwa alipohutubia mkutano wa raia mara ya kwanza. Akajifundisha kuzungumza huku ametia vijiwe mdomoni ili ulimi wake utii, na akawa anakwenda ufukweni kushindana sauti na mawimbi. Vijiwe ndivyo vinavyokumbukwa zaidi. Mimi nayaona mawimbi yana maana kubwa kuliko vijiwe: yanapiga kelele kama umati, hayamwonei mtu haya, na yapo pale kila siku bila kualikwa. Hiyo ilikuwa hadhira ya kubuni, karne nyingi kabla ya umeme.

Woga wenyewe si wa wachache. Mwaka 1973 kampuni ya utafiti ya Bruskin iliwauliza Wamarekani ni mambo gani yanayowaogofya. Asilimia 41 walitaja kuzungumza mbele ya kundi la watu, na asilimia 19 wakataja kifo. Tangu hapo wachekeshaji na wauzaji wa semina hawajachoka kusema kwamba binadamu anaona heri afe kuliko kuhutubia. Hesabu zile hazikusema hivyo. Waliohojiwa walipewa orodha, wakaruhusiwa kutaja kila kinachowatisha. Hakuna aliyeulizwa kipi kinazidi kingine. Isitoshe, kifo chake mtu hukutana nacho mara moja tu, ilhali kikao cha Jumatatu asubuhi kinamsubiri kila wiki.

Mwili nao hautanii. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walieleza kipimo ambacho mpaka leo hutumika katika maabara duniani kote wanapotaka kumtia mtu mfadhaiko bila kumgusa. Mtu hupewa dakika chache ajiandae, kisha husimamishwa mbele ya jopo la watu wasiotabasamu wala kutikisa kichwa, ajieleze kwa dakika 5 kwa nini anafaa kupewa kazi. Akimaliza huambiwa ahesabu kurudi nyuma kuanzia 1022, akitoa 13 kila hatua, na akikosea aanze upya. Moyo huenda mbio, na homoni ya kotisoli hupanda mpaka inapimika kwenye mate. Hakuna fimbo wala simba chumbani. Yapo macho tu.

Ili kuona tiba yake ilikoanzia, turudi nyuma, mwaka 1924, mjini New York. Mwanasaikolojia kijana, Mary Cover Jones, alichapisha taarifa kuhusu mtoto aliyemwita Peter, mwenye umri wa miaka 2 na miezi 10. Peter alimwogopa sungura. Aliogopa pia panya, koti la manyoya, unyoya, hata pamba. Miaka minne kabla, watafiti John Watson na Rosalie Rayner walikuwa wameonyesha kwamba mtoto mchanga anaweza kufundishwa kumwogopa panya mweupe, kwa kumgongea chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa kila anapomgusa panya huyo. Walimwachia mtoto woga wake, hawakuutoa. Jones alitaka kujua kama mlango ule unafunguka pia kwa upande wa pili.

Kwanza alimweka Peter pamoja na watoto wengine wasiomwogopa sungura, na hofu ikaanza kupungua. Kisha Peter akaugua homa, akalazwa karibu miezi miwili, na siku ya kutoka hospitali mbwa mkubwa akawarukia yeye na muuguzi wake. Woga ukarudi wote. Jones akaanza upya kwa njia nyingine. Peter aliketishwa kwenye kiti chake, akapewa chakula anachokipenda, na sungura akaletwa ndani ya kizimba cha waya, mbali kiasi cha kutomkatiza mtoto kula. Siku nyingine kizimba kikasogezwa, na nyingine tena. Jones aliandika hatua 17, kuanzia ile ambapo sungura kuwepo tu chumbani kulimtia mtoto hofu, mpaka ile ambapo Peter alimwacha sungura amtafune-tafune vidole. Taarifa ile haikupokewa kwa shangwe. Fani ya tiba ya nafsi wakati huo ilikuwa ikimsikiliza Freud, na habari za mtoto, sungura na peremende zilionekana jambo dogo.

Aliyelikuza jambo hilo dogo alikuwa Mwafrika Kusini. Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg wa mwaka 1915, alikuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia askari waliorudi vitani wakiwa hawalali, wakitetemeka na kushtuka ovyo. Njia iliyokubalika ilikuwa kuwapa dawa ya kuwalegeza ili wayaseme yaliyowapata, kwa imani kwamba wakishayasema watapona. Waliyasema, hawakupona. Baada ya vita Wolpe akaingia maabara ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand na paka kadhaa. Paka walipigwa shoti ya umeme ndani ya kizimba mpaka wakakataa kula humo hata wakiwa na njaa. Kamati ya maadili ya siku hizi isingempitishia kirahisi. Kisha akawalisha katika chumba kisichofanana na kile cha mateso, halafu katika chumba kinachofanana nacho kidogo, halafu zaidi, mpaka wakala ndani ya kizimba chenyewe. Ilikuwa ngazi ile ile ya Peter. Baadaye Wolpe alimtambua Jones hadharani, akamwita mama wa tiba ya tabia.

Mwaka 1958 Wolpe alitoa kitabu kilichoieleza mbinu yake kwa binadamu. Mgonjwa hufundishwa kwanza kulegeza misuli, kuanzia mikono mpaka miguu. Kisha yeye na daktari huandika orodha ya mambo yanayomtisha, kuanzia dogo mpaka kubwa. Kwa mwenye kuogopa kuhutubia, ngazi ya chini inaweza kuwa kuliona jina lake kwenye ratiba ya wazungumzaji, ya katikati kuketi jukwaani akisikia anatajwa, na ya juu kabisa kusahau sentensi katikati ya hotuba huku watu wakimtazama. Mgonjwa hufumba macho, akaliwaza jambo la kwanza akiwa amelegea, na kutaja namba kati ya 0 na 100 ya jinsi anavyohangaika. Namba ikishuka, wanapanda ngazi.

Tazama alivyoutatua mkwamo wa hadhira: aliihamishia kichwani mwa mgonjwa. Haikumgharimu senti moja, na kwa wengi ilifaa. Kasoro ilijificha humo humo. Wako watu wakiambiwa wafumbe macho wawaze ukumbi uliojaa, wanaona giza tu. Wako wengine wanaowaza ukumbi, lakini kwa hila ya nafsi wanawaondoa watu wa mstari wa mbele bila kusema. Daktari hana njia ya kuchungulia. Anangoja kidole kinyanyuliwe au namba itajwe, na inambidi aamini.

Hata hivyo mbinu ilihitaji kupimwa, na hapa ndipo woga wa kuhutubia ulipopata heshima yake katika historia ya saikolojia. Gordon Paul, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliona kwamba chuoni kwao kulikuwa na mgodi: wanafunzi wengi waliolazimika kuchukua somo la kuhutubia, na wengi wao wakiliogopa kama ugonjwa. Akawachukua 96 waliohangaika zaidi, akawagawa. Kundi moja lilipata mbinu ya Wolpe. La pili lilipata mazungumzo ya kuchimbua chanzo cha woga. La tatu lilipewa uangalizi mwema pamoja na kidonge kisicho na dawa yoyote. Waliobaki hawakutibiwa. Kisha kila aliyepimwa alisimama na kutoa hotuba ya dakika 4, na waangalizi wenye karatasi wakahesabu dalili: kutembea-tembea bila sababu, mikono kutetemeka, kulamba midomo, kukwepa macho, sauti kukatika.

Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 1966, yaliwauma wengi. Mbinu ya Wolpe iliongoza kwa mbali. Waliochimbua chanzo cha woga wao hawakuwapita waliomeza kidonge kitupu. Miaka miwili baada ya tiba Paul aliwatafuta tena, na nafuu ya kundi la Wolpe ilikuwa imedumu. Wanasaikolojia hubishana juu ya mambo mengi kuhusu majaribio yale, lakini baada yake ilikuwa vigumu kudai kwamba mwoga wa jukwaa lazima kwanza aelezwe utoto wake.

Miaka ya 1970 wataalamu, London hasa, walikwenda mbali zaidi: kwa nini kuwaza, wakati mtu anaweza kupelekwa penyewe? Aliyeogopa soko akapelekwa sokoni, na aliyeogopa lifti akaingizwa humo. Ikaonekana kwamba kukutana na jambo lenyewe hushinda kuliwaza, na kwamba hata kulegeza misuli si lazima. Lililo lazima ni kukaa pale mpaka hofu ichoke yenyewe. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikaingiza hofu ya kijamii katika orodha yake rasmi ya maradhi. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa na jina na dawa ilijulikana. Kilichokosekana ni watu 100 wa Jumatano.

Pembeni kabisa ya haya, mafundi walikuwa na mambo yao. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha kofia yenye skrini mbili ndogo mbele ya macho. Ilikuwa nzito, imening'inizwa kwenye dari kwa vyuma, na aliyeivaa aliona michoro ya mistari iliyogeuka kadiri alivyogeuza kichwa. Miaka ya 1980 kampuni ya VPL ya Jaron Lanier ikaanza kuuza kofia na glavu za aina hiyo kwa bei ambayo ni maabara na majeshi tu yaliyoimudu. Marubani walizitumia. Wachoraji wa majengo walizitamani. Dunia ile ya ndani ya kofia tunaiita leo uhalisia pepe.

Mji wa Atlanta, katika jimbo la Georgia, ndiko mambo haya mawili yalikokutana, tena katika nyumba mbili tofauti. Barbara Rothbaum, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory, na Larry Hodges, mtaalamu wa kompyuta wa Georgia Tech, walianza na woga wa kupanda juu. Walijenga ndani ya kompyuta madaraja, roshani na lifti ya kioo. Wakachukua wanafunzi 20: 12 wakatibiwa, 8 wakasubiri. Taarifa yao ya mwaka 1995, katika jarida kuu la madaktari wa akili wa Marekani, ina jambo moja ninalolipenda kuliko hesabu zake zote. Kati ya 10 waliomaliza tiba, 7 walikuwa wamekwenda wenyewe kupanda majengo ya kweli, bila mtu kuwatuma.

Upande wa pili wa mji, katika Chuo Kikuu cha Clark Atlanta, chuo chenye historia ndefu ya kuwasomesha Wamarekani weusi, Max North na Sarah North walikuwa wakifanya kazi kama hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wao ndio walioligeukia jukwaa. Hawakubuni ukumbi wa kufikirika. Walichukua ukumbi wa mihadhara wa chuo chao wenyewe, wakaujenga upya ndani ya kompyuta: viti, jukwaa, kimimbari cha mbao mbele. Aliyevaa kofia alijikuta nyuma ya kimimbari, ukumbi ukiwa mtupu. Kisha watu wakaanza kuingia, mmoja mmoja na kwa vikundi vidogo, mpaka viti vikajaa watu 100. Sauti ya msemaji ilirudi masikioni mwake kama inavyorudi kwenye vipaza sauti vya ukumbi mkubwa. Mtaalamu aliyeketi kando alikuwa na sauti zilizorekodiwa tayari: kicheko, minong'ono, makofi, mtu anayedai msemaji apaze sauti.

Picha za wakati ule zilikuwa za kusikitisha. Watu wa ukumbini walikuwa bapa kama waliokatwa kwenye karatasi. Mtoto wa leo aliyezoea michezo ya simu angecheka. Hata hivyo wanafunzi walioshiriki, na walioanza walikuwa 16 tu, walitokwa jasho viganjani na kulegea magoti kama walio jukwaani kweli. Nusu yao waliwekwa kundi la kulinganisha, wakavaa kofia ile ile wakaonyeshwa mambo yasiyohusu hotuba. Vipindi vilikuwa 5, vya robo saa au pungufu. Waliokabili ukumbi walipungukiwa na woga. Waliotazamishwa mambo mengine hawakubadilika kwa namna ya maana. Taarifa ilitoka mwaka 1998. Ilikuwa ndogo, na mkosoaji mkali angeitoboa mahali pengi, lakini mlango ulishafunguliwa.

Swali lililobaki lilikuwa la kushangaza zaidi. Mtu mzima, mwenye akili timamu, anayejua kwamba mbele yake hakuna mtu, kwa nini aogope? London, Mel Slater na wenzake wa University College waliamua kulichokoza swali hilo. Walijenga chumba cha semina chenye wanaume 8 wa kompyuta walioketi mezani. Washiriki 40 wakatakiwa kutoa hotuba ya dakika 5. Hadhira iliandaliwa kwa namna tatu. Ya kwanza ilikaa kama sanamu. Ya pili iliegemea mbele, ikatabasamu na kutikisa vichwa. Ya tatu ilikuwa balaa: huyu anapiga miayo, yule amelala juu ya meza, mwingine amepandisha miguu mezani, mwingine anainuka na kutoka.

Walichokipata, na kukichapisha mwaka 2002, kinastahili kusomwa na kila mwenye kuhutubia. Mbele ya hadhira njema au ya sanamu, kila mtu alihangaika kadiri ya kawaida yake: mwoga aliogopa, jasiri alitulia. Lakini mbele ya hadhira iliyolala na kupandisha miguu, tofauti hiyo ilifutika. Hata waliojiamini siku zote walitikisika. Wote walijua ni vikatuni. Ujuzi huo ulikaa sehemu moja ya kichwa, na mwili ukafuata sehemu nyingine. Baadaye Slater alieleza kwamba mambo mawili ndiyo huushika mwili: hisia kwamba uko mahali pale, na hisia kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli, hasa yanapokujibu. Uzuri wa picha una nafasi yake, ila si ya kwanza. Kikatuni kinachoinuka na kukuacha ukizungumza kina nguvu kuliko picha safi isiyojali kama upo.

Tangu hapo majaribio yakawa makubwa na makini zaidi. Haifa, Israel, Helene Wallach na wenzake waliwagawa watu 88: wengine wakatibiwa kwa mazungumzo na mazoezi ya kawaida, wengine wakaongezewa ukumbi wa kompyuta, wengine wakasubiri. Taarifa yao ya mwaka 2009 ilionyesha tiba zote mbili zilifaa sawasawa, lakini walioacha tiba katikati walikuwa mara mbili zaidi katika kundi la kawaida. Atlanta tena, Page Anderson wa Chuo Kikuu cha Georgia State alilinganisha mwaka 2013 vipindi 8 vya ukumbi wa kompyuta na tiba ya kikundi ambamo watu walihutubiana wao kwa wao. Washiriki walikuwa 97. Zote mbili zilishinda kusubiri, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa ingalipo, bila moja kuipita nyingine. Quebec, Kanada, Stéphane Bouchard alitoa mwaka 2017 matokeo ya watu 59 waliopata vipindi 14, na kwake kompyuta iliipita tiba ya kuwapeleka watu penyewe. Sababu mojawapo inaeleweka na yeyote aliyewahi kuandaa mkutano: wataalamu waliona ni rahisi mno kuwasha hadhira kuliko kuikusanya.

Msomaji mwenye macho atauliza kuhusu fedha. Ni haki aulize. Rothbaum na Hodges walianzisha kampuni ya kuuza programu hizo, na walilitaja jambo hilo wazi katika taarifa zao. Majaribio mengi ya mwanzo yalitumia wanafunzi wa chuo, watu wachache, na muda mfupi. Ndiyo maana nayapa uzito zaidi majaribio yaliyofanywa mbali na Atlanta na watu wasio na hisa humo. Nayo yalikwenda upande ule ule.

Kilichobadilisha mambo baada ya hapo ni bei. Mwaka 2012 kijana wa California, Palmer Luckey, alichangisha zaidi ya dola milioni 2 mtandaoni atengeneze kofia ya michezo aliyoiita Oculus Rift. Miaka miwili baadaye Facebook ikainunua kampuni yake kwa kiasi cha dola bilioni 2. Mwaka huo huo wa 2014 Google ikatoa miwani ya boksi la karatasi ambamo mtu huchomeka simu yake. Philip Lindner na wenzake wa Stockholm wakajiuliza kama vifaa vya madukani vinatosha. Waliwachukua watu 50 wenye woga wa kuhutubia, wakawapa kikao kimoja cha saa 3. Wengine walikuwa na mtaalamu pembeni, na wengine baadaye walijitibu wenyewe nyumbani kwa simu. Woga ulipungua kwa wote, kama walivyoripoti mwaka 2019. Kilichofuata baada ya kikao ni muhimu zaidi kuliko kofia: mpango wa wiki 4 uliowasukuma wakazungumze mbele ya watu halisi, kazini, kwenye sherehe, popote.

Hapo tunaelewa kwa nini Peter aliporukiwa na mbwa woga ulimrudia. Michelle Craske wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, amefundisha kwa miaka mingi kwamba tiba hii haifuti hofu ya zamani. Inajenga funzo jipya kando ya lile la kale, na mawili hayo hushindana. Funzo jipya hupata nguvu pale mtu anapotarajia jambo baya na lisitokee, au litokee naye asife. Anayesema "nikisahau sentensi watanicheka" aambiwe asahau makusudi, asimame kimya sekunde 10, aone. Mbele ya bosi wake hathubutu. Mbele ya vikatuni atathubutu, na atathubutu mara ishirini mchana mmoja. Lakini funzo lililojengwa chumbani mwa daktari hubaki na harufu ya chumba hicho, kwa hiyo lazima litolewe nje, likajaribiwe harusini, kanisani, msikitini, kwenye kikao cha wazazi.

Yapo ambayo miwani haiwezi. Wapo inaowatia kichefuchefu wakaivua. Mtu ambaye hana la kusema haimpi la kusema. Maandalizi mabovu yatabaki mabovu hata moyo ukitulia. Na yule ambaye woga umemnyima kazi, au umemfanya ajifungie ndani, asianze na programu ya kupakua. Amwone mtaalamu wa saikolojia, kwa sababu mara nyingi woga wa jukwaa huambatana na mengine yasiyoonekana kwa miwani.

Kwa wanaosoma haya Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar, nina ombi moja. Programu nyingi zinazouzwa zina ukumbi wa ofisi za Ulaya na Marekani, na hadhira yake hupiga miayo kwa Kiingereza. Max na Sarah North walifanikiwa kwa kuwa waliwajengea wanafunzi wao ukumbi wanaoujua na kuuogopa. Vyuo vyetu vina walimu wa kompyuta na walimu wa saikolojia, mara nyingi majengo yao yanatazamana. Wakutane. Wajenge Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Taifa Hall ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au turubai la msibani lenye wazee mstari wa mbele na mjomba anayenong'ona "fupisha". Hadhira yao ipige makofi na kuguna kwa Kiswahili. North alianza na ukumbi mmoja, wanafunzi 16, na kompyuta dhaifu kuliko simu iliyo mkononi mwako sasa. Nao waanze na mmoja.